Joka la Yorunni

Hadithi inabisha hodi!
Ipite, mkeka umetandikwa!

Hapo kale, kaskazini kabisa kwenye nchi za theluji, paliondokea mjane jina lake Yorunni. Mumewe, Ketili, alikuwa fundi wa merikebu. Alichonga kichwa cha joka, akakiweka kwenye omo, mbele ya chombo, kisha homa ikamchukua. Mfalme wa huko alipozidi kuwaonea watu, Yorunni akapanda merikebu ile pamoja na jirani zake na mama mkwe wake, Hildi, kikongwe asiyeona. Wakaenda kutafuta kisiwa kisicho na mfalme.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, hata wakaona milima inayofuka moshi. Pwani alisimama fahali mweupe, mkubwa kama kilima. Akapuliza kwa pua, upepo ukawarudisha baharini.

Siku ya pili wakakaribia. Akapuliza, wakarudi.

Siku ya tatu maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Yorunni akaita, “Ewe mwenye nchi, tumekukosea nini?”

“Mimi ndimi mzimu wa kisiwa hiki,” akasema fahali. “Wanangu wakiliona joka lenu, meno nje, wanajificha mapangoni na kulia. Liondoeni.”

Mabaharia wakashika mashoka. Yorunni akalikumbatia lile joka, machozi yakamtoka.

“Unalilia gogo?” fahali akauliza.

“Silii gogo, bwana. Mume wangu alilichonga kwa mikono yake, na kaburi lake nimeliacha mbali. Sina kingine chake.”

Fahali akasema, “Basi lishushe, ulifunike uso, uje nalo. Wanangu hawaogopi wafu. Wanaogopa meno.”

Yorunni akavua shuka lake la sufu, akalifunika lile joka, akalibeba mgongoni kama mwana. Upepo ukatulia. Wakashuka.

Hildi alikuwa akitetemeka kwa baridi, miguu imekufa ganzi. Fahali akapiga ukwato chini, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ardhini yakabubujika maji ya moto. Yorunni akamkalisha kikongwe ukingoni, akamwosha miguu polepole. Wana wa mzimu, wadogo kama sungura, wakatoka mapangoni mmoja mmoja, wakaja kuchovya miguu yao kando ya ile ya kikongwe.

“Ni nani hawa wanaonigusa?” akauliza Hildi.

“Wenyeji, mama.”

“Waambie wasogee karibu. Maji yanatutosha.”

Basi, ukienda kwa watu, funika meno kwanza. Na ukiwa mwenyeji, muulize mgeni anachokililia. Mimi nilipita huko wakanikogesha. Hadithi imetakata, chukueni. Mwenye miguu michafu asiniangalie mimi.