Mihuri Arobaini ya Mtendaji

Ukame ulipozileta kaya arobaini kando ya bwawa, Mtendaji wa Kijiji Masalu hakupata usingizi. "Wageni ni hatari kwa usalama," alimwambia Nyanzobe, aliyewasemea wenzake. "Ijumaa polisi watawaondoa."

"Sawa, mheshimiwa. Ila tuandikie barua za utambulisho, huko twendako wasituone wezi."

Kwa furaha ya kuagana nao, Masalu aliandika kama alivyozoea, akagonga mihuri arobaini.

Ijumaa askari, wakiongozana na Masalu, walimkuta Nyanzobe akipalilia bustani kando ya bwawa. "Wageni wako wapi, mama?"

"Hapa hakuna wageni, afande." Akatoa barua.

Askari mmoja alisoma kwa sauti: "Mtajwa ni mkazi wa kijiji changu. Ninamfahamu vizuri. Apewe msaada." Akamgeukia Masalu. "Muhuri huu ni wako?"

Masalu aliutazama muhuri, akaitikia kwa kichwa.

"Kwa huo msaada, jembe la pili lile pale, mheshimiwa," alisema Nyanzobe.