Mbuzi wa Mlangoni mwa Sinema

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Badi, mwenye jumba la sinema, aliyetaka watu wamlipe ili awatishe. Filamu zake zilikuwa za bei ya chini, zimechakaa kama kanga ya jikoni. Lakini ubao wa mlangoni! Zimwi lenye meno kama majembe, na chini yake: WENYE MOYO DHAIFU WASIINGIE. Kando akaweka machela ya kuazima, na kila jioni mwanamke mmoja alilipwa azimie, abebwe, watu waone. Nguzoni akafunga mbuzi mwenye utepe mwekundu. Atakayeitazama filamu peke yake mpaka mwisho, bila kufumba macho wala kupiga kelele, mbuzi ni wake.

Mbuzi akakaa pale hadi akanenepa kwa kulamba gundi ya mabango. Kila aliyejaribu alionekana na kosa. Huyu kakohoa, yule kapiga chafya.

Bi Mwanakombo, muuza vitumbua, akapata mjukuu, na nyumbani hapakuwa na mbuzi wa kumchinjia akika. Akaingia. Akaketi peke yake katikati ya viti vitupu, Bwana Badi akimchungulia. Zimwi likatoka pangoni. Bibi akalikodolea macho: limevaa gunia, na mkononi lina saa. Akaendelea kutafuna karafuu yake mpaka taa zikawashwa.

Tajiri akamwita kwenye kibanda cha tiketi. Nje, foleni ya onyesho la pili ilikuwa imezunguka kona.

"Shikamoo, bibi. Mbuzi hupati."

"Marahaba. Nilikohoa?"

"Hukukohoa."

"Nilifumba macho?"

"Hukufumba. Ila mbuzi ni wa shujaa, na shujaa ni mtu aliyeogopa akavumilia. Wewe hukuogopa."

"Ningeogopa nini, mwanangu?"

"Umeona?" Bwana Badi akashusha sauti. "Filamu ile haimtishi hata kifaranga. Mtoto mchanga angelala humo fofofo. Sasa ushujaa wako uko wapi?"

Bi Mwanakombo akajitanda kanga yake vizuri.

"Umenishinda, mwanangu. Mbuzi na abaki." Akamsogezea kigoda, akafungua dirisha la tiketi. "Haya, panda hapa, uwaeleze na hawa waliopanga foleni, kama ulivyonieleza mimi."