Mume Aitwaye Hakuna

Hapo zamani, alasiri moja, mjane aitwaye Mwanatumu alikuwa akichambua mchele wa mwisho uliobaki nyumbani, mara akaingia bintiye mkubwa, Mize, anahema.

"Mama, tarishi amerudi. Anasema baba asipofika kwa Sultani leo, nitachukuliwa mimi."

"Baba yupi?"

"Anasema anaitwa Hakuna."

Mwanatumu akaweka ungo chini. Tarishi huyo alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza majina ya wanaume wa kujenga ukuta wa Sultani. Alipomwuliza yeye, "Mumeo nani?" alimjibu, "Hakuna." Naye tarishi, aliyepewa kazi ya kukumbuka maneno wala si ya kuyafikiri, akalipeleka neno lile kama alivyolipokea. Ikawa Hakuna anaitwa ukutani kila asubuhi, wala haitiki, hata Sultani akaona amedharauliwa.

"Bandika maji," Mwanatumu akamwambia bintiye. "Nikirudi niyakute yanachemka."

Basi akaenda barazani, akapiga magoti.

"Mumeo yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Alikufa mwaka wa ndui, Bwana wangu. Sina mume."

"Tarishi wangu hakosei hata neno! Mlete huyo Hakuna, ama binti yako atasugua masufuria yangu mpaka aonekane."

Mwanatumu akaona ukweli hauna soko pale, akabadili njia. "Bwana akisema yupo, basi yupo. Ila kabla hajabebeshwa mawe, naomba niwaulize wazee hawa: katika nchi hii, nani mkubwa kuliko Sultani?"

Wazee wakapaza sauti, kila mmoja akitaka kusikika kwanza: "Hakuna!"

"Na nani awezaye kumwamuru Sultani?"

"Hakuna! Hakuna!"

"Bwana amesikia," akasema Mwanatumu. "Basi huyo mkubwa wako anakuamuru: mwache Mize akae nyumbani."

Tarishi akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo walivyosema, Bwana. Nimeyashika yote."

Sultani akamtazama tarishi wake, akacheka hata kilemba kikalegea. "Ewe bahau! Ukiambiwa hakuna, usiniletee mtu!"

"Na wakisema hawajui, Bwana?"

"Uliza jirani."

"Na wasipojibu kabisa?"

"Piga hodi tena! Mpeni mama huyu gunia la mchele. Nani atambebea?"

Wazee wakafungua vinywa, wakavifunga. Basi Mwanatumu akajitwika mwenyewe.

Akayakuta maji yanachemka. Wali ulipoiva akaupakua kwenye sinia, akawatazama wanawe mmoja mmoja.

"Nani hayupo?"

"Hakuna," akajibu Mize.

Kitindamimba akasogea ili kumpisha huyo Hakuna. Mama yake akamrudisha mahali pake, wakala.