Kwa Nini Watu Hufumba Macho Wakiomba

Mnauliza kwa nini mtu akitaka kuomba hufumba macho kwanza. Swali ni zuri, ila jibu lake halifurahishi, na anayetaka kufurahi aende kwenye ngoma.

Hapo kale hakuna aliyefumba macho. Wala hakukuwa na kuomba huku tunakokujua, kwa safu na zamu. Mungu alikuwa akimpitia mtu apendavyo Mwenyewe: huyu akilima, yule akichota maji, mwingine akimkuna mbuzi mgongo. Akikupitia, basi umepitiwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake alijisikiaje, maana lilikuwa jambo la mtu na Muumba wake.

Nyanzobe alikuwa mjane, na mwaka huo alikuwa amemzika binti yake wa pekee. Mchana mmoja alikuwa uani akipepeta uwele. Upepo ukageuka, makapi yakamwingia machoni. Akayafumba, akaukumbatia ungo kifuani, akasubiri machozi yayaoshe. Ndipo jambo lile likamjia. Hakusikia sauti wala hakuona mtu. Alijua tu kwamba hayuko peke yake, na kwamba binti yake hakupotea, na uchungu uliokuwa umemkaba miezi mitatu ukamwachia. Alipofumbua macho kuku walikuwa wameshamaliza nusu ya uwele, naye hakuwafukuza.

Wifi yake Kabula, aliyekuwa upande wa pili wa ua, aliuona uso ule. Kabula naye alikuwa amezika, tena watoto wawili, kwa ugonjwa uleule uliomchukua binti wa Nyanzobe. Akamsogelea, akamshika mkono.

"Wifi, na mimi nimezika," alisema. "Niambie umefanyaje."

Sasa Nyanzobe angesema nini? Alichokipata hakikuwa na maneno. Lakini kumwacha mwenzake aondoke mikono mitupu aliona ni roho mbaya. Akampa alichokuwa nacho.

"Sikufanya kitu. Nilifumba macho tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabula akafumba macho siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, akaambulia giza. Akarudi kuuliza: ulielekea wapi? Mguu upi ulitangulia? Ungo uliushika upande wa kushoto au wa kulia? Nyanzobe akajibu kwa huruma, na kila jibu likawa sharti. Majirani wakasikia, wakaja na nyungo zao. Mzee wa kijiji, Lubasha, mtu wa kupenda utaratibu hata pasipotakiwa, akapanga siku na safu, akaamuru atakayefumbua macho kabla ya wenzake atolewe nje. Nyanzobe akawekwa mbele.

Alifumba macho mbele ya watu wote, akasubiri. Hakuna kilichokuja. Alisikia watu wakikohoa, na akajikuta anajichungulia mwenyewe kama limeanza. Akajaribu tena peke yake, akipepeta uwele ambao ulikwisha kupepetwa. Patupu. Maskini, akamlilia binti yake upya, na safari hii hata ile faraja alikuwa akiilia.

Siku moja baada ya ibada, Kabula, aliyekwisha kukonda akabaki mifupa, alimuuliza mbele ya watu kama amemwona Mungu. Nyanzobe akautazama uso ule uliokuwa ukimsubiri. Akaona kwamba akisema hapana, mwenzake ataanguka palepale.

"Nimemwona," alisema.

Lubasha, asitake kuachwa nyuma, akasema naye amemwona. Aliyekuwa kando yake akasema vivyo hivyo. Safu nzima ikaitikia. Kabula peke yake akanyamaza, akaelewa kuwa Mungu anawajia wote isipokuwa yeye. Hakuuliza tena. Alikaa uani amefumba macho, chakula akikikataa, mpaka wakamkuta ameshakufa. Nyanzobe ndiye aliyemwosha, na hata hapo, mbele ya maiti, hakupata ujasiri wa kumwambia ukweli.

Na tangu siku hiyo binadamu akiomba hufumba macho. Watazameni siku wakiwa wengi. Wakimaliza, kabla hawajasimama, kila mmoja humtupia jicho jirani yake aone kama yeye amepata kitu. Na jirani, akiona anatazamwa, hutabasamu.