Njia ya Nguruwe Ilipopinda

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aufunge.

Mavuno yalikwisha, nyasi zikakauka, na kwa Mwanatumu akaja mgeni aliyejiita shangazi wa mumewe. Hata akila, alijifunika kanga mpaka miguuni.

Siku ya kwanza njia ya nguruwe, iliyopita nyuma ya nyumba miaka yote, ikapinda mbali. Siku ya pili ikapinda ya paa. Siku ya tatu hata nyani, wezi wale, wakazunguka.

“Mume wangu, shangazi yako alikuja kwa njia gani?”

“Hii ya porini.”

“Mbona nyayo zake zinatoka mlangoni kwetu kwenda porini? Hakuna hata mmoja unaoingia.”

Mume akatazama. Ni zimwi tu ambalo miguu yake imegeukia nyuma.

“Wanangu,” sauti ikaita ndani, “mnachungulia nini huko?”

“Tunatafuta kuni, shangazi!”

Wakashikana mikono, wakaondoka kinyumenyume. Zimwi lilipotoka, likaona vumbini nyayo za watu wawili zinakuja nyumbani. Likachekelea, likajificha nyuma ya mlango, likingoja waingie.

Linangoja mpaka leo. Basi ukiona njia za wanyama zimeikwepa nyumba, wewe usipige hodi.