Wimbo Ulioanzishwa Juu

Watu wa kwaya, leo nitawagusa kidogo. Tulieni, msianze kugeukiana. Mama ninayemleta mbele yenu si wa usharika huu, na hata angekuwa wa hapa nisingemtaja jina, maana nawajua, mngemsindikiza kwa macho mpaka nyumbani kwake.

Mama huyu alikuwa na wimbo wake wa Krismasi. Nasema wimbo wake, na mnanielewa. Wimbo ni wa kanisa, lakini mtu akishauimba Krismasi hii, na ijayo, na ile nyingine, unakuwa wake. Watu wakiusikia redioni wanasema, "Huu si ule wa mama fulani?" Ndivyo ulivyokuwa wa huyu mama. Ulikuwa unamsimulia Mariamu, katoto kake kamelala kwenye majani ya ng'ombe, naye anauliza walio karibu, "Nani ana nguo, amfunike Mwana?" Ubeti wa tatu aliimba mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa yeye. Kwaya nzima inanyamaza, mama anapanda peke yake mpaka pale kwenye neno Mwana, na kina mama kwenye mabenchi wanatafuta leso. Huo ndio wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote. Akipalilia kahawa, huo. Akichambua mchele, huo.

Basi ikaja familia ngeni pale usharikani, wana binti wao. Binti ana sauti. Mwalimu wa kwaya akamsikia mara moja tu, na Novemba, mbele ya watu wote, akasema, "Mwaka huu ubeti wa tatu ataimba binti. Mama yetu apumzike kidogo."

Apumzike. Nani alimwambia amechoka?

Alifika nyumbani, mumewe yuko mezani anakula. Akamwambia, "Wimbo wangu amepewa mtoto wa juzi."

Mume, maskini, akajibu kwa nia njema kabisa, "Si ni wa kanisa ule?"

Bakuli la mboga likaondoka mezani. Alimalizia ugali mkavu, na mpaka leo nadhani hajui alikosea wapi.

Mnataka kujua kilichomuuma zaidi? Ni kwamba binti aliimba vizuri. Angeimba vibaya, mama angemsamehe siku ileile, tena angemletea na ndizi. Lakini kila mazoezi alisimama pale kwenye sauti ya kwanza, anasubiri binti akosee, na binti hakosei. Halafu siku moja akamsikia kitinda mimba wake mwenyewe anaosha vyombo, anaimba. Akamuuliza, "Unaimba nini?"

"Wimbo wako, mama."

"Huo si wangu. Wangu hauendi hivyo."

Na kweli haukwenda hivyo. Mtoto alikuwa ameshika uimbaji wa yule binti, pamoja na kale kamzunguko alikokaongeza mwishoni. Mama akaingia chumbani akakaa kitandani, akalia kwa wivu. Nalisema hivyo hivyo, maana sisi wakristo tukilia kwa wivu huwa tunasema tuna mafua.

Binti akamfuata nyumbani. Akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja unifundishe pale pa juu, mwalimu anasema hakuna anayepaimba kama wewe."

"Marahaba. Si una mwalimu wako? Akufundishe yeye."

Hata kiti hakumpa. Na Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, mazoezi ya mwisho, mama akasusa. Alituma salamu kwamba kichwa kinamuuma.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Wimbo ule haukuwa na kinanda. Nyimbo za namna hiyo lazima awepo mtu wa kutoa sauti. Anaguna taratibu, wenzake wanaipokea kwake, mwalimu anashusha mkono, wimbo unaanza. Pale atakapoiweka yeye ndipo wote watakapoimbia. Akiiweka chini sana, mabesi wanazama. Akiiweka juu sana, ole wake wa ubeti wa tatu. Na mtoa sauti wa kwaya ile alikuwa nani? Alikuwa mama huyohuyo. Kazi hiyo mwalimu hakumnyang'anya, kwa sababu sikio lake halijawahi kukosea.

Asubuhi ya Krismasi kanisa limejaa mpaka nje. Kwaya wanavaa majoho kule nyuma. Binti akamsogelea, akasema, "Mama, samahani, kuna jambo nataka kukuambia kabla hatujaingia."

Mama hakumtazama. "Vaa joho lako. Ibada inaanza."

Wakaingia. Ukafika wakati wao. Mama akafumba macho, akatoa sauti, na akaitoa juu. Si kwa bahati mbaya. Aliipandisha makusudi, kwa sikio lake lilelile lisilokosea, akijua kabisa kwamba mtu akifika kwenye neno Mwana kutokea pale, sauti itampasukia mbele ya kanisa zima. Alitaka watu wamsikie binti akipasuka. Aliwaza hivyo akiwa amevaa joho jeupe, siku ya kuzaliwa kwa Bwana.

Mwalimu akashtuka, lakini wimbo ukishaanza mbele ya watu utausimamishaje? Ubeti wa kwanza mateno wakatoka mishipa ya shingo. Wa pili wakausukuma hivyohivyo. Ukafika wa tatu, kwaya ikanyamaza.

Binti hakusogea.

Mama akasubiri. Akafungua macho, akaona kwaya nzima wamemgeukia yeye, wanatabasamu. Mkono wa mwalimu umenyooka kwake.

Mnajua kilichotokea ile Jumamosi aliyosusa? Binti alisimama mbele ya wenzake akasema, "Wimbo huu una mwenyewe. Mimi naona anaumia. Naomba Krismasi tumrudishie ubeti wake, mimi nitaimba sauti ya pili." Wote wakakubali. Wakamwachia binti ampelekee habari njema yeye mwenyewe. Alikwenda kwake jioni ileile, akaambiwa mama amelala. Asubuhi akaenda tena kwenye majoho, na mmesikia alivyojibiwa.

Basi mama atafanya nini? Akaimba. Akapanda kwenye ngazi aliyoiweka yeye mwenyewe, "Nani ana nguo, amfunike..." na alipofika kwenye neno Mwana, sauti ikampasukia. Haikutoka kabisa. Kule kwenye mabenchi mtoto mmoja akacheka, akafinywa na mama yake.

Halafu kwenye sauti ya pili mtu akaanza ubeti ule upya, chini, polepole, pale ambapo mtu yeyote anaweza kufika. Ni binti. Kwaya ikaufuata. Binti akamtazama mama, akaendelea kumtazama hivyo mpaka mama naye akaungana nao, na wakafika wote kwenye lile neno.

Baada ya ibada mama akamvuta pembeni. Akamuuliza, "Ulijua kwamba nimepandisha?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukukasirika?"

Binti akashangaa. "Nikasirike nini? Nilidhani mtu ameshakuambia kwamba wimbo ni wako, ukapandisha kwa furaha."

Ndugu zangu, hapo mimi sina la kumsaidia mama yule.

Sasa tuje kwetu, maana naona mmeanza kumhurumia mama yule kana kwamba mko mbali naye. Yule binti alibisha hodi mara ngapi, anamletea mama kitu chake mkononi, na mama anafunga mlango? Wivu ndivyo ulivyo. Unamwona mwizi kwa mtu anayekurudishia mali yako. Wewe uliyekaa hapo, yuko mtu wiki hii amekuambia, "Nina neno nawe," ukamwambia huna nafasi? Una hakika alikuwa anakuja kukunyang'anya?

Na msiniambie habari hii ni ya waimbaji. Mama mkwe, jikoni kwako umeanzishia wapi hata mkewe mwanao kila siku anapasukiwa? Fundi, ile kazi uliyompa mwenzako mpya siku yake ya kwanza, ulimpa ajifunze au ulimpa aaibike? Mzee wa kanisa, sitasema neno, wewe unajijua. Tunazo njia nyingi za kuweka mambo juu ili jirani asifike, na tunazitumia kwa uso mtakatifu, hakuna wa kutushika.

Linaloniuma ni hili. Wimbo ule unamwulizia Mwana nguo. Mama aliuimba miaka yote ile, akaupenda kweli, na siku ile hakumkumbuka yule Mwana hata kidogo. Alikuwa na shughuli na binti. Nasi tuna nyimbo tunazozipenda za Krismasi, kila mtu na wake. Tumwulize Bwana kama na yeye yumo humo, au tumebaki wenyewe.

Tusimame tuimbe. Na wewe utakayetuanzishia, kabla hujafungua kinywa, mtazame kwanza aliyesimama karibu nawe. Anzisha mahali ambapo na yeye anafika.