Kilomita za Maduhu

Ndugu zangu, leo nataka tumfuate kwa macho mtu mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli. Tumwite Luhende. Aliishi kwenye mji kama huu wetu, nchi tambarare, pamba kushoto na pamba kulia, barabara inanyooka mpaka macho yanachoka. Na baiskeli yake haikuwa ya kubebea magunia. Ilikuwa ya safari ndefu, tairi nyembamba, kiti kigumu, ya mtu anayependa kuondoka asubuhi na kurudi jua likizama, bila sababu nyingine ila kwenda.

Sasa Luhende akataka mita. Mnaijua? Kale kakompyuta kanakofungwa kwenye hendeli, kanakuonyesha kasi yako na kilomita ulizokwenda. Dukani alikuta za kila namna. Kulikuwa na za bei ya ng'ombe, zinazoongea na setilaiti, zenye ramani ndani. Lakini hizo zinataka chaji kila siku, na ukiwa porini kati ya kijiji na kijiji utazichomeka wapi? Kulikuwa na za bei ya chee, ambazo mvua ya kwanza tu inazizima. Luhende hakukurupuka. Aliuliza waliotumia, akasoma kwenye simu malalamiko ya watu, akashika hii, akabonyeza ile, mpaka mwenye duka akamchoka. Mwisho akachukua ya bei ya kawaida, ya waya, yenye betri ya duara kama kifungo cha shati. Ikanyeshewa, ikapigwa vumbi, ikaanguka, ikaendelea kuhesabu. Naomba mnielewe hapo. Hakukosea kuchagua. Angekuja kwangu leo kuniuliza, ningemwambia nunua hiyohiyo.

Kosa liliingia nyumbani. Mita ya namna ile haijui umekwenda umbali gani. Inajua gurudumu limezunguka mara ngapi, basi. Ni wewe unayeiambia gurudumu lako ni kubwa kiasi gani. Alipoiwasha ilimuuliza. Luhende alikuwa na hamu ya barabara, akabonyeza kukubali ile saizi iliyotoka nayo kiwandani. Ilikuwa saizi ya gurudumu dogo kuliko lake. Kwa hiyo tangu siku ile, kila alipokwenda kilomita kumi, mita ilimhesabia tisa. Wala haikuyumba hata mara moja. Ilikosea kwa uaminifu mkubwa.

Alikuwa na rafiki, Maduhu, mtu mzima kumzidi. Huyu Maduhu ndiye aliyemfundisha safari ndefu: namna ya kunywa maji kabla ya kiu, namna ya kupanda kilima bila kukitazama. Walikuwa kwenye chama kimoja cha waendesha baiskeli, na mwaka ule chama kilipanga safari kubwa ya siku kadhaa, kutoka kwetu huku mpaka Ziwa Tanganyika. Ili usije ukalala njiani ukawa mzigo kwa wenzako, chama kiliweka sharti: anayetaka kwenda, kwanza aonyeshe ameweza kilomita mia moja na hamsini kwa siku moja.

Maduhu akaenda peke yake. Alitoka mjini, akazunguka bwawa, akafika kwenye kinu cha pamba, akarudi. Jioni aliingia kwenye kikao miguu inatetemeka, uso umejaa vumbi, anatabasamu kama mtoto.

"Nimemaliza," akasema. "Bwawani, kinuni na kurudi. Mia moja na hamsini na ushee."

Mwenyekiti wao, mama mmoja muuza vitenge, akampongeza. Wengine wakapiga makofi. Luhende akainua mkono.

"Samahani, kaka Maduhu. Njia hiyo nimeipita juzi. Haifiki mia moja na arobaini."

"Inafika. Waulize madereva wa malori ya pamba, wanaipita kila msimu."

"Malori yale mita zao zilikufa zamani. Mimi mwenyewe ilibidi nipitilize kinu mpaka darajani ndipo nikatimiza."

 Maduhu akamgeukia.

"Luhende, wewe umenijua tangu lini?"

"Sijasema wewe ni mwongo, kaka. Nimesema mita haidanganyi."

Ndugu zangu, kuna tofauti gani? Ukimwambia mtu mbele ya watu kwamba kifaa chako hakidanganyi, umebakiza nani wa kudanganya?

Mwenyekiti akasema basi Maduhu arudie, siku bado zipo. Maduhu akasema hapana. Akachukua kofia yake ya baiskeli, akawaaga wote kwa majina, Luhende akiwemo, akatoka. Hakurudia ile safari, wala kikaoni hakuonekana tena. Na Luhende alilala usingizi mzuri tu, maana moyoni alijiona ametenda haki. Hata yeye mwenyewe hakujipendelea. Si alipitiliza mpaka darajani?

Safari kubwa ikafika, wakaondoka. Siku ya pili wakaingia kwenye barabara mpya ya lami, yenye mawe ya kilomita pembeni, yamepakwa rangi nyeupe, yanasomeka vizuri. Luhende akairudisha mita yake kwenye sifuri, akaanza kuilinganisha na mawe yale, kwa mchezo tu. Jiwe likasema kumi, mita ikasema tisa. Akacheka. "Hawa waliopima barabara walikuwa wamelewa," akamwambia mwenzake. Jiwe likasema ishirini, mita ikasema kumi na nane. Likasema thelathini. Hapo hakucheka.

Mnaona binadamu? Alianza kuwashuku wapimaji, na mawe, na wajenzi wa barabara nzima, kabla hajajishuku yeye na kidole chake kilichobonyeza bila kusoma.

Walipopumzika kwenye kivuli, wengine wakinywa chai, alikaa chini na ile karatasi ya maelekezo iliyokuwa imekunjwa tangu dukani. Akaisoma kwa mara ya kwanza. Akapima gurudumu lake kwa kamba, akaingiza namba sahihi. Ikamchukua muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, na mita ikawa sawa. Lakini alipoinuka, mwenzake alimwuliza kama anaumwa, maana midomo ilikuwa imemkauka. Alikuwa akimwona Maduhu amesimama pale kikaoni na vumbi lake usoni. Bwawani, kinuni na kurudi. Mtu alikuwa amesema kweli tupu.

Alikuwa na simu mfukoni, na namba ya Maduhu ilikuwemo. Akaitoa, akaitazama, akairudisha. Alijiambia jambo kama hili halisemwi kwenye simu, nitamwendea nikirudi.

Akarudi. Wiki ya kwanza alikuwa amechoka. Baadaye ikawa msimu wa kuvuna. Halafu akasikia aibu kwamba amechelewa, na kila siku aliyozidi kuchelewa aibu ikaongezeka, mpaka ikawa akimwona mtu anayefanana na Maduhu sokoni anabadili njia. Miezi ikapita hivyo. Kifaa alikirekebisha kabla chai haijapoa. Lakini rafiki yake alimwacha akingoja mpaka pamba yote ikaisha mashambani.

Siku moja hakuweza tena. Akaenda. Alimkuta Maduhu amekaa barazani, sahani ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani, na baiskeli haionekani popote.

"Hodi kaka."

Maduhu akageuza uso kuelekea kwenye sauti, lakini macho yake yakapita pembeni ya Luhende.

"Karibu. Hiyo sauti ni ya Luhende?"

Luhende akasimama hapohapo uani. Mke wa Maduhu akatoka na kigoda, akasema taratibu, "Kaa, shemeji. Ni ile presha ya macho. Daktari alimwambia mapema mwaka jana kwamba haiponi, macho yatazimika polepole. Hakutaka mtu ajue."

Akakaa. Akaeleza yote: saizi ya gurudumu, mawe ya barabarani, simu aliyoirudisha mfukoni. Alieleza akilia. Maduhu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake.

"Yameisha, mdogo wangu. Nimekusamehe tangu zamani, ila hukuja kuuchukua msamaha wako."

Luhende akafarijika kidogo. Na kama sisi wote tunapofarijika, akakimbilia kuahidi.

"Mwakani chama kinakwenda tena, kaka. Nitakuchukua mimi mwenyewe. Tutatafuta baiskeli ya watu wawili, mimi mbele, wewe nyuma. Tutafika ziwani."

Maduhu akatikisa kichwa.

"Mwakani nitakwenda kuona nini, Luhende?"

Hakusema kwa ukali. Alisema tu, kisha akasogeza ile sahani ya michembe upande wa mgeni wake ili ale.

Ndugu zangu, mimi nimewaza sana juu ya sahani ile. Luhende alisamehewa kabisa, na alikula chakula cha mtu aliyemkosea. Lakini ziwa halikurudi. Maduhu alikuwa na mwaka mmoja tu wa macho uliobaki, na alikuwa amepanga kuutumia kuliona ziwa. Wala si mita iliyomnyima. Mita ilikosea kilomita chache tu. Aliyemnyima ni rafiki aliyejiamini, na hata alipoujua ukweli, alikaa nao mfukoni mwake miezi mizima huku macho ya mwenzake yakififia kidogo kidogo barazani. Angepiga simu siku ileile, pengine mke angemweleza. Pengine chama kingemtafutia gari Maduhu, akawakuta njiani, akaliona ziwa hata kwa dirisha. Pengine. Neno hilo "pengine" ndilo Luhende alilorudi nalo nyumbani.

Sasa tuje kwetu sisi. Ni nani unayemjua wewe uliyemhesabia tisa wakati alikwenda kumi? Mke aliyekwambia amechoka, ukampima kwa uchovu wako ukaona haujafika? Kijana aliyekwambia amejitahidi? Ndugu aliyesema kweli, nawe ukasema mbele ya watu, "mimi najua ninachokijua"? Sisi tuna kipimo, na kwa mambo mengi ni kizuri, tumekichagua kwa makini, kimetufaa. Lakini tuliuambia moyo wetu saizi gani siku ile tulipokuwa na haraka?

Na wengine wetu siyo hilo tena. Wengine tumeshaliona jiwe barabarani. Tunajua kabisa kwamba tulikosea. Tumejirekebisha hata, hatupimi tena vile, tumekuwa watu wazuri kwa wengine wote. Ila kwa yule mmoja bado hatujaenda. Tunasema nikimaliza kuvuna. Tunasema jambo hili halisemwi kwenye simu. Je, unajua macho yake yanaona kiasi gani leo? Unajua amebakiza nini?

Nilikuwa na mengine ya kusema asubuhi hii, nimeyaacha. Mlango uko wazi. Kama nyumba yake iko karibu, inuka uende sasa hivi. Hakuna atakayekushangaa, na sadaka yako itakusubiri. Kama yuko mbali, simu iko mfukoni mwako. Toka nje upige. Sisi tuliobaki tutaimba taratibu, mpaka mtakaporudi.